Mchuzi Usiosifiwa

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe tano Oktoba, mwaka 2019, pale mkurugenzi mpya wa makumbusho yetu ya maveterani alipochukua sahani yake, akavuta kiti, akaketi katikati ya wazee ili, kwa maneno yake mwenyewe, awasikilize.

Wakubwa kwa kawaida hawasikilizi, na mtu hulizoea hilo. Huyu alisikiliza, ndiyo maana hasara ikawa kubwa.

Makumbusho yetu yapo katika jengo lililokuwa kiwanda cha siagi, kule mwisho wa barabara kuu, kifaru kimoja cha vita kimeegeshwa nje na watoto hukipanda kiangazi chote. Ndani kuna sare, picha, bendera, na sanduku la kioo lenye buti za mtu ambaye hakurudi. Mengi ya hayo siyajui vizuri. Mimi nilikuwa wa jikoni. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kulikuwa na kifungua kinywa cha maveterani, na yeyote wa mjini alikaribishwa, aje na watoto wake, akae popote.

Aliyekianzisha ni mke wangu, LaVonne. Nyumbani kwetu mwanajeshi alikuwa yeye. Alipikia jeshi kule Texas akiwa msichana, kambi nzima kila alfajiri, na aliporudi alikuwa na mikono kama ya fundi chuma. Mimi sijawahi kuvaa sare. Mguu wangu mmoja ni mfupi, na shule niliiacha darasa la nane nikaenda kuchinja bata mzinga kiwandani. Wazee huniita Raia. "Raia, kahawa." "Raia, umelala?" Jina langu ni Verlyn Stroh, ila pale sidhani kama kuna aliyelikumbuka.

LaVonne alikuwa akipika kitu kimoja tu: nyama ya kusaga iliyokaangwa, ikanyunyiziwa unga, ikamiminiwa maziwa na pilipili manga mpaka ikawa mchuzi mzito mweupe, kisha ukamwagwa juu ya mkate wa kuchoma. Kila aliyepita jeshini amekula chakula hicho na amekichukia. Jina lake la kambini linataja kinyesi juu ya kigae, na mbele ya watoto wazee hulikatiza katikati.

Na sheria ilikuwa ya LaVonne pia. Pale chakula hakisifiwi. Atakayethubutu kukisifu ataosha karai. Kwa hiyo miaka yote ile hakuna mzee aliyewahi kutamka neno jema juu ya mchuzi ule, na hakuna aliyewahi kubakiza hata tone kwenye sahani.

LaVonne alifariki majira ya kuchipua, mwaka 2017. Hospitali walimpangia kipimo, wakakisogeza mbele, wakakisogeza tena, na walipomaliza kusogeza hapakuwa na mtu wa kupima. Salamu zao za pole ndizo zilizofika kwa wakati. Jumamosi iliyofuata mazishi ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Hakuna aliyenituma. Nilibeba karai lake nikaenda nikapika kama nilivyomwona akipika. Delmar Wuori, ambaye alikuwa fundi wa helikopta kule Vietnam na ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na mlango, alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu.

"Raia," akasema, "LaVonne ametangulia ili asile hii."

Ukumbi mzima ulinigeukia. Kisha mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza, na Delmar akanishika bega, akaliacha pale mkono wake muda mrefu, huku akiendelea kula kwa mkono mwingine.

Tangu siku hiyo nikawa mpishi. Nguo za marehemu nilikuwa nimeshazitoa sadaka kanisani. Nyumba ilikuwa baridi. Kifungua kinywa kile ndicho kitu pekee cha LaVonne kilichokuwa bado na moto chini yake.

Sasa nirudi kwenye ile Jumamosi.

Mkurugenzi anaitwa Corinne Valdez. Alikuwa ameletwa na bodi kutoka California, mwanamke mwenye adabu, mwenye kucheka haraka, na shahada ambazo mimi nisingeweza kuzitamka. Aliketi kati ya Delmar na Orlin Bakke. Orlin ana miaka themanini na saba, alipigana Korea akiwa kijana, akarudi akalima, na maneno aliyotumia tangu hapo yangemtosha mtu mwingine wiki moja. Binti yake Janelle ndiye humleta.

Delmar aliinua kijiko akakigeuza chini juu. Mchuzi haukuanguka.

"Raia, hii unapika au unaziba ufa wa ukuta?"

"Kula. Meno yako ya bandia yanahitaji gundi."

"Kule Vietnam, Da Nang, tulipigwa kombora jikoni kabisa, na bado chakula kilitoka kizuri kuliko hiki."

"Kombora ndilo lililotia ladha," akasema mzee mmoja upande wa pili.

Msichana mdogo aliyekuja na bibi yake akauliza, "Kombora kweli lilipiga jikoni?" Delmar akasogeza sahani. Akamweleza juu ya mpishi wao, jitu la Alabama, aliyekimbia na wenzake mpaka kwenye handaki, kisha akarudi mbio ndani ya moshi kwa sababu alikuwa ameacha birika la kahawa. Alitoka nalo. Kahawa ile waliinywa wakiwa wamekaa juu ya magunia ya mchanga, mpishi akilia na kumimina, akilia na kumimina. Msichana alisahau kufunga mdomo.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Ungemwuliza Delmar habari za vita angekwambia hakuna cha kusimulia. Ungempa chakula kibaya, angelazimika kukilinganisha na kibaya zaidi, na hapo mlango ungefunguka wenyewe. LaVonne alilijua hilo bila kusomea.

Lakini mkurugenzi alikuwa bado anaitazama ile sahani. Akamgeukia Orlin, akainama ili amsikie vizuri.

"Na wewe, Mzee Bakke? Chakula kimekufaa?"

Orlin alifikiri. "Kule Korea," akasema, "mchuzi uliganda ukiwa njiani kuja mdomoni. Huu umeganda ukiwa motoni."

Janelle aliacha kutafuna. Kila mwezi baba yake hutoa sentensi moja juu ya Korea, pale mezani, na huwa ni mpya. Nyumbani hajawahi kutoa hata moja.

"Pole sana," mkurugenzi akamwambia Orlin, akamshika mkono. Orlin aliutazama ule mkono kama kitu kilichodondoka kutoka darini.

Jumanne mkurugenzi akaniita ofisini. Akanipa kiti, akafunga mlango, akakaa upande wangu wa meza.

"Bwana Stroh, si rahisi kulisema hili."

"Basi liseme haraka."

"Nimewasikia wazee. Wote. Nadhani kwa miaka mingi wamekuwa wakila wasichokipenda kwa sababu ya heshima yao kwako na kwa marehemu. Nimeongea na bodi. Kuanzia Novemba tutaleta wapishi wa kukodi. Mayai, matunda, mtindi, vitumbua vidogo vya tufaha. Wewe utakaa mezani kama mgeni wa heshima. Umehudumu vya kutosha."

Bodi yenyewe ni meneja wa benki, muuza matairi na mke wa daktari wa meno. Jumamosi huwa wako kwenye nyumba zao za ziwani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja ule mchuzi.

Nikasema, "Sawa."

Huku kwetu mtu akiangukiwa na trekta husema anaendelea vizuri, na jirani akimsikia huenda kuita gari la wagonjwa. Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Kama mtu ameletwa kuongoza makumbusho ya maveterani na hajui mzee anapotukana chakula maana yake ni nini, mimi mchinja bata mzinga nimfundishe? Nilikwenda jikoni nikachukua karai la LaVonne, nikaliweka kwenye kiti cha mbele cha gari, nikalifunga mkanda ili lisigongegonge.

Novemba sikwenda. Delmar alipitia kwangu akanipa habari, kofia bado kichwani.

"Wameweka vitambaa vyeupe mezani," akasema.

"Vyeupe."

"Na ua. Kila meza."

"Chakula je?"

Delmar akatazama dirishani. "Kilikuwa kizuri," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Kila mtu alisema ni kizuri. Bosi alifurahi sana. Akaleta na chombo cha kurekodi sauti, akatuomba tusimulie utumishi wetu."

"Mkasimulia?"

"Nini? Mtu amekaa na kitumbua cha tufaha kwenye kitambaa cheupe, atasimulia nini? Nilimwambia nilikuwa fundi, nikarudi nyumbani. Orlin alisema asante mara mbili. Saa tatu tulikuwa tumeshaondoka."

"Angalau mmekula vizuri."

"Nyamaza, Raia."

Desemba walikwenda wanne. Orlin hakuwamo. Januari walikwenda wawili, na Delmar aliniambia yeye alikwenda ili tu yule wa pili asiwe peke yake.

Katikati ya Januari nilikuwa natoa theluji mlangoni, naona gari dogo linateleza linaingia uani kwangu kwa ubavu. Mkurugenzi akatoka. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini.

"Kwa viatu hivyo utapoteza vidole," nikamwambia.

"Habari za asubuhi, Bwana Stroh."

"Vidole vya miguu havioti tena."

Niliendelea na koleo langu. Nilitaka asimame pale kidogo ili baridi imfundishe walau jambo moja. Lakini alikuwa anatetemeka mpaka kidevu, na LaVonne angenipiga kwa mwiko. Nikamfungulia mlango.

Jikoni nilimpa kahawa. Alishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Nimewauliza kila njia," akasema. "Nimewapigia simu. Wote wananiambia chakula kilikuwa kizuri, kila kitu kilikuwa kizuri, asante. Basi kwa nini hawaji?"

"Ulimsikia hata mmoja akikitukana?"

"Hapana. Hata mmoja."

"Ndiyo hivyo."

"Ndiyo vipi?"

Nikaanza kufuta meza. Hakuniuliza tena, jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa California. Kisha akasema, polepole, "Jana Janelle alikuja ofisini. Aliniambia nimemnyang'anya sentensi yake. Sikuelewa. Nikamwomba radhi bila kujua ninaombea nini. Akaanza kulia, naye hakuweza kunieleza. Alisema nikuulize wewe."

Hapo ndipo ubishi wangu uliponiishia. Mkurugenzi nisingemwonea huruma. Ila Janelle nilimjua tangu akiwa na misuko miwili ya nywele, na nilimwona miezi yote ile akiacha kutafuna.

Nikamweleza, vibaya, kwa kurukaruka. Nilimwambia habari ya sheria ya LaVonne. Nilimwambia hawa watu hawawezi kukwambia wanakupenda. Mama zao hawakuwafundisha na jeshi halikuwafundisha. Anayekutukana amekukaribisha ndani. Akikwambia "kizuri sana, asante," ameshavaa koti. Nikamwambia juu ya birika la kahawa la Da Nang, na jinsi lisingetoka kwenye moshi ule kama mchuzi wangu ungekuwa mzuri.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kahawa ilipoa.

"Nilikuwepo," akasema. "Siku ile ya birika. Nilikuwa nimekaa karibu naye kabisa. Nilikuwa nafikiria mtindi."

Akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikatafuta kitambaa. Alikuwa anacheka. Kisha ikawa yote mawili.

Nilinyanyuka nikatoa nyama kwenye friji. "Osha mikono," nikamwambia.

Nilimsimamisha mbele ya jiko, karai la LaVonne mbele yake. Nyama ilikwenda vizuri. Unga aliumwaga wote kwa pamoja kama anayelisha kuku, na maziwa akayatia baridi. Yakatokea madonge makubwa kama vifungo vya koti. Alikoroga kwa nguvu, nywele zimemwangukia usoni. Tukaumwaga juu ya mkate, tukaketi. Nikaonja.

"Huu," nikasema, "paka angeufukia."

Nikamwona anavuta pumzi ili aniombe radhi. Akaiachia. Akaninyooshea kijiko.

"Kosa ni la mwalimu niliyepewa," akasema. "Nilitaka mwenye akili, wakaniletea wewe."

Nilimaliza sahani yangu. Miaka karibu mitatu hapakuwa na mtu aliyeketi upande ule wa meza akanijibu.

"LaVonne alikuwa akikujibu hivyo?" akauliza.

"Vibaya zaidi."

Alikwenda kwa bodi peke yake. Sikuwepo, ila nasikia yule wa matairi alisema fedha ya wapishi ilishapitishwa na kwa hiyo haliwezekani, na mkurugenzi akamjibu aje ale kwanza ndipo azungumze. Hakuja. Hawaji. Lakini hakulizungumza tena.

Jumamosi ya kwanza ya Februari tuliwasha jiko kabla ya jua. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimekwisha kukunjwa. Corinne ndiye aliyepika; mimi nilichoma mikate na kumkaripia. Delmar alikuwa amezunguka mji mzima akipiga honi nje ya nyumba za watu, na walikuja, wakipangusa theluji kwenye buti, wengine na wajukuu. Janelle alimwingiza baba yake akiwa amemshika chini ya kwapa. Orlin alikuwa amepungua. Koti lilimvaa yeye.

Sahani zikafika mezani. Corinne alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, uso umemwiva, na niliona anasali kwa njia yake.

Delmar akatafuna. Akameza. Akapangusa mdomo.

"Bosi," akasema, "tulikukosea nini hasa?"

Kicheko kilichotoka pale kiligonga bati. Mmoja akasema amewahi kula rangi ya meli ikawa na chumvi nzuri kuliko hii, na mjukuu wake akataka kujua meli gani, na ikaanza. Meza ya dirishani ilikuwa inazungumzia baharini, ile ya nyuma inazungumzia msitu na ruba. Corinne alikaa karibu na Delmar. Chombo cha kurekodi hakukileta.

Orlin alikula taratibu. Janelle hakuwa anakula kabisa. Alikuwa anamtazama mdomo.

"Kulikuwa na kijana wa Iowa," Orlin akasema.

Waliokuwa karibu wakashusha sauti.

"Aliweka mkebe wake wa chakula kwapani, ndani ya koti, usigande. Akila nusu, nusu ananipa mimi. Mchuzi wenyewe ulikuwa na harufu ya kwapa." Akaelekeza kijiko kwenye sahani. "Bado ulikuwa afadhali kuliko huu."

"Aliitwa nani, baba?" Janelle akauliza.

Alimwambia. Jina lote, na jina la mji aliotoka, na jina la farasi aliyemwacha nyumbani. Janelle alikuwa anarudia kila neno kimoyomoyo, midomo inacheza. Kisha Orlin akavuta mkate wa mwisho akafuta sahani mpaka ikang'aa, na hilo halijawahi kuhesabiwa kuwa ni kusifu.

Corinne alisimama. Nilijua anataka kusema jambo la kikubwa, na nikajiandaa kuchukia.

"Sitasema mengi," akasema. "Jiko hili halitageuzwa kitu kingine. Nikiwa hapa, mchuzi huu utapikwa kila Jumamosi ya kwanza, hata akibaki mzee mmoja tu wa kuja kuula."

Haikuwa mbaya, kwa mtu wa uongozi. Wazee walitikisa vichwa. Delmar alikuwa tayari anatafuta la kumtania.

Lakini Orlin aliweka kijiko chini, akamtazama Corinne, kisha akanitazama mimi, kisha akapitisha macho yake polepole juu ya meza zote, kila uso mmoja mmoja, kama mtu anayeangalia mifugo yake jioni.

"Huyo mmoja," akasema, "atautukana mchuzi mbele ya nani?"